Nunueni Saa, Msinunue Milingoti

Kwa Mheshimiwa Gavana, Waziri wa Kaunti anayesimamia michezo, Mwakilishi Wadi wetu, na Bodi ya Usimamizi ya shule yetu ya upili.

Waheshimiwa, salamu nyingi kutoka langoni.

Nitangulize maslahi yangu kabla mtu mwingine hajanitangazia. Nauza viazi karai, mihogo na achari ya maembe kwenye lango la uwanja wa shule tunaougombania, ule ambao kaunti inazungumza kuusimamishia milingoti ya taa. Taa zikiwaka, karai langu litakaa motoni mpaka saa tatu za usiku badala ya kuteremka saa kumi na mbili unusu. Atakayesema yule mama anazitaka taa kwa ajili ya biashara yake hatakuwa amenizulia. Mimi vilevile ni mweka hazina wa timu ya wasichana inayofanya mazoezi pale, kazi isiyo na mshahara wala kiti, na mmoja wao, beki wa kushoto, nimemzaa mwenyewe. Hayo ndiyo yaliyonipeleka kwenye kikao cha kutoa maoni ya bajeti. Nimeamua kuandika kwa kuwa kule kikaoni nilipewa dakika mbili na kipaza sauti kilichokuwa kikikatika kila nikitaja neno pesa.

Mliokuwepo mliona tulivyogawanyika. Upande wa mlango walikaa vijana wa timu, wamevaa jezi kama wanaokwenda fainali. Upande wa madirisha walikaa wazazi, na kati yao akasimama mama mmoja akauliza, kwa sauti iliyonyamazisha ukumbi: mwanangu anapanga foleni ya choo mapumziko yote mpaka kengele inalia, nanyi mnataka kuwasha taa wapi? Vijana waliguna. Mimi sikuguna. Foleni ile naiona kila siku nikiwa kwenye karai langu, na mama yule ana haki yake.

Tangu siku hiyo mtaa una watu wa taa na watu wa vyoo. Hata ukipanda tuktuk unaulizwa wewe ni wa wapi. Nanyi waheshimiwa mmeona afadhali mnyamaze mpaka kelele zipoe. Mimi nadhani sote, ninyi mkiwemo, tumekaa tukibishania milingoti, ilhali kinachopungua pale uwanjani ni saa.

Hebu tuzihesabu. Jua la kwetu Pwani halina ubahili wala ukarimu: mwaka mzima linazama baina ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini, basi. Mtoto wa Uingereza mwezi wa Juni anachezea jua mpaka saa tatu za usiku. Wetu, iwe Juni iwe Disemba, akipepesa jicho giza limeingia. Kanuni za elimu za mwaka 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa yaishe saa tisa unusu, na michezo ichukue nafasi yake mpaka saa kumi na moja kasorobo. Kwenye karatasi hiyo ni saa nzima na robo. Kwenye mchanga wetu, mwezi wa Machi, kaskazi ikimalizika na masika bado hayajafika, saa tisa unusu ni wakati wa kukaa chini ya mwembe. Mpira wenyewe ukiuacha juani dakika kumi hauushiki. Kwa hiyo saa za kuchezeka ni mbili tu: kuanzia saa kumi unusu mpaka saa kumi na mbili unusu.

Na ndani ya saa hizo mbili wanakuja wote. Timu ya shule. Timu ya mtaa wa juu na ya mtaa wa chini. Waendesha bodaboda, ambao wana jezi nzuri kuliko wote. Maveterani na vitambi vyao, wanaocheza robo saa na kubishana nusu saa. Watoto wadogo wa akademia, makocha wao wakipuliza filimbi kana kwamba wanaongoza magari. Anayepata uwanja ni mwenye sauti nene na mpira mpya. Wasichana huachiwa pembe ya nyuma ya goli, karibu na mwarobaini, mahali ambapo mpira ukipigwa kwa nguvu kidogo unavuka ua na kuangukia barabarani. Muhula uliopita nilianza kuandika kwenye daftari la timu kila siku ambayo wasichana walipewa uwanja mzima. Muhula ulipokwisha, siku hizo hazikujaza vidole vya mkono mmoja, na mojawapo ilikuwa siku ya mvua.

Kikaoni mzazi mmoja alisema taa hazimfai mtoto wa kike kwa kuwa hatamruhusu atembee usiku. Nakubaliana naye neno kwa neno. Wangu pia simruhusu. Saa moja inamkuta ndani, akiosha vyombo au akijifanya anasoma. Lakini msichana hana haja ya kucheza usiku. Ana haja wanaume wacheze usiku. Maveterani, bodaboda na timu za mitaa wakipewa saa moja mpaka saa tatu unusu, jioni yote ya jua inabaki kwa watoto wa shule, na ndani yake wasichana wanapata zamu yao ya uwanja mzima, wakiwa na magoli mawili na mistari ya chokaa kama watu wengine. Taa zitawashwa kwa wanaume ili wasichana wapate jua. Hilo ndilo nililotaka kusema kipaza sauti kilipokatika.

Lakini halitokei lenyewe. Mkisimamisha milingoti bila ratiba, wenye sauti nene watakuwa na jioni na usiku pia, na sisi tutabaki na mwarobaini wetu.

Sasa nije kwenye tokeni, yaani umeme wenyewe unaolipiwa kabla ya kuwaka.

Pale njia panda ya kwetu kuna mulika mwizi, mlingoti mrefu wa taa za mtaani. Uliposimamishwa palipigwa ngoma, tukakata viuno, na mimi nilipeleka viazi vya bure. Kwa miezi kadhaa tuliona raha: mabinti wa vibanda vya simu walifunga saa nne, na mzee wa mtaa alikuwa akisoma gazeti nje. Kisha taa moja ikafa, zikafuata mbili, na usiku mmoja mlingoti mzima ukawa giza. Tulipouliza, ofisi moja ilisema ni balbu, ofisi nyingine ikasema ni bili, ya tatu ikatuuliza mlingoti upi. Leo juu yake pana kiota cha kunguru. Mwizi bado yupo, ila sasa ana mahali pa kuegemea.

Hili halikutokea kwa bahati mbaya. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inazitaka kaunti ziweke angalau asilimia 30 ya bajeti yao kwenye maendeleo, kwa hesabu ya miaka kadhaa. Ni sheria nzuri, maana bila hiyo kila kitu kingekwisha kwenye mishahara na chai. Mlingoti ni maendeleo: unahesabika, unapigwa picha, una kibao cha marumaru. Tokeni ni matumizi ya kawaida. Hakuna anayekata utepe wa tokeni. Basi fungu moja linajenga kitu ambacho fungu la pili halikuambiwa litakilisha, na mwaka wa fedha ukianza tena tarehe 1 Julai kila mtu anamtazama mwenzake.

Niliifanya hesabu nyuma ya daftari, nanyi mna wahandisi watakaonisahihisha. Tuseme milingoti minne, kila mmoja una taa nane za LED za wati 500. Hizo ni kilowati 16. Ni mwanga wa mazoezi, wa mtu kuuona mpira na mwenzake. Mambo ya televisheni yanataka mwanga mara nyingi zaidi na hatuyahitaji. Ziwake saa tatu kwa usiku, siku tano kwa wiki: uniti 240. Kwa wiki 40 za mwaka ni uniti 9,600. Bei ya uniti hupanda na kushuka pamoja na tozo zake, lakini nikiweka shilingi 25 ili hesabu inikae kichwani, napata shilingi 240,000 kwa mwaka. Kwangu mimi ni fedha nyingi. Kwa kaunti inayozungumza kuhusu milingoti minne ni fedha ndogo, na huo mradi mtu akiniambia umeshindikana kwa sababu ya fedha hizo nitajua haukukusudiwa kuishi.

Mtaniambia timu za watu wazima zichangie. Zichangie, ndiyo, bodaboda wenyewe wamesema wako tayari. Ila angalieni fedha zinapita wapi. Zikikusanywa na kaunti, Katiba, kifungu cha 207, inazipeleka kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti pamoja na za maegesho na za soko, na kuzitoa huko kununua tokeni ni safari ya bajeti nyingine. Zikikusanywa na "mwenyekiti wa uwanja", sote tunajua zinakoishia. Palikuwa na mmoja hapo zamani aliyekusanya mchango wa nyavu, na nyavu hizo bado tunazingoja. Zikiingia kwenye akaunti ya shule, zikakatiwa risiti na kusomwa mbele ya wazazi kila muhula, angalau nitajua nimfokee nani. Na hata hivyo, michango iwe ya balbu na chokaa. Tokeni ziandikwe kwenye makadirio ya kaunti kila mwaka, kwa jina lake, watu wauone mstari.

Najua pia kuna jambo linalowakwaza ambalo halikutajwa kikaoni. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti michezo na viwanja vyake. Shule za msingi na za upili limeiachia serikali kuu. Je, uwanja ulio ndani ya ua wa shule ya upili ni wa nani? Ni mnazi uliopandwa mpakani: kila mmoja anaokota nazi zilizoanguka upande wake, lakini siku ya kukwea hapatikani mtu. Na onyo tulikwisha kulipata. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti aliziandikia kaunti kwamba zisitoe basari za wanafunzi wa shule zilizo chini ya serikali kuu bila mkataba baina ya serikali mbili, mambo yakafika mahakamani, na wazazi wa mtaa huu wakabaki wameshika fomu zilizojazwa. Sitaki nione milingoti imelala chini kwenye nyasi kwa sababu mtu fulani mwezi wa Mei amekumbuka kuuliza mkataba uko wapi. Uandikwe sasa, mapema, kurasa tatu zinatosha, baina ya kaunti, wizara ya elimu na bodi ya shule: nani mwenye uwanja, nani mwenye mita, nani anashika ufunguo wa kisanduku cha swichi, na saa za nani ni zipi.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mwenye uwanja, bodi itusaidie kujibu: hati ya ardhi ipo? Shule nyingi za umma nchini hazina. Januari 2015, Nairobi, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi wakitetea kiwanja chao cha kuchezea kilichozungushiwa ukuta. Kipande cha ardhi kikishapata taa na ua mzuri, kinaanza kuota wamiliki kutoka usikotarajia. Hati itangulie.

Kisha kuna hili la vyoo, na hapa nawaomba watu wa taa na watu wa vyoo wasogeze viti. Watu wazima sitini wakicheza na kutazama mpira mpaka saa tatu unusu watakwenda haja wapi? Mimi nawajua wateja wangu. Watakwenda kwenye ukuta wa maabara. Uwanja wa usiku usio na choo na bomba la maji haujakamilika, ni sawa na kununua kitanda kisicho na chaga. Na tazameni Jedwali la Nne lile lile lililokuwa likiwakwaza linavyofungua mlango: kaunti ikijenga vyoo vya darasani itaambiwa imevuka mpaka, lakini vyoo vya uwanja wa michezo ni sehemu ya uwanja, na uwanja ni wake. Vijengwe basi ukutani, upande mmoja mlango unaotazama shule, ufunguliwe mchana. Upande wa pili mlango unaotazama uwanja, ufunguliwe jioni. Yule mama wa madirishani atapata foleni fupi kwa fungu la michezo. Nilimpelekea wazo hili nyumbani kwake, tukanywa chai, akasema akiona mchoro wenye milango miwili atahamia upande wetu. Mchoro wenu wa sasa hauna hata mlango mmoja.

Mkishaleta stima mpaka uwanjani, haitagharimu sana kuivuta mpaka madarasa mawili yanayotazama goli la kusini. Kuna watahiniwa wanaosoma chini ya taa ya duka.

Kuhusu vifaa nitasema machache, maana fundi ni fundi. Hapa ni Pwani. Chumvi ya bahari inakula chuma kama mchwa anavyokula boriti. Mlingoti uliopakwa rangi tu utakuwa na vidonda mapema. Uwe wa chuma kilichochovywa zinki. Taa ziwe na vifuniko vinavyoelekeza mwanga chini, kwa kuwa nyumba ziko hatua chache kutoka ua, na mzee aliye jirani na pembe ya mashariki amekwisha kuapa mbele ya watu kwamba mwanga ukiingia chumbani mwake ataufuata na jiwe. Ziwekwe swichi mbili, ili siku ya watu wachache iwashwe nusu. Na saa ya kuzima iwe ya mashine, isiyosikiliza "dakika mbili tu, afande". Magharibi ikiadhiniwa mpira usimame, watu waswali, hiyo haihitaji kuandikwa popote.

Nitaje pia Ramadhani, kwa kuwa wakubwa wengi wanaosoma makadirio hulala mapema. Mwezi ule mchana hakuna anayekimbia. Baada ya tarawehe vijana hutoka, wakaweka mawe mawili barabarani, na kucheza chini ya taa ya duka au ya kituo cha mafuta mpaka karibu na daku, matatu zikiwapigia honi. Hao hawakungoja kikao cha maoni. Wamekwisha kuuamua mpira wa usiku zamani. Kilichobaki ni ninyi kuamua kama utachezwa uwanjani au katikati ya lami.

Wapo wanaosema michezo ni anasa mpaka madarasa yakamilike. Lakini wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi wameingia Gredi ya 10 Januari 2026, na katika njia tatu walizowekewa na serikali yenyewe, moja ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Shule ikitaka kuwachukua wanafunzi wa njia hiyo, uwanja wake ni maabara, na hakuna anayeita maabara ya kemia anasa. Agosti 2025 sote tulikaa mbele ya televisheni tukitazama mashindano ya CHAN, uwanja wa Kasarani kule Nairobi ukimeremeta, na mwaka 2027 AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu, kwa Watanzania na kwa Waganda. Fedha za taa zile zilipatikana, na sina kinyongo nazo; nilipiga kelele kama wengine, na penalti za Madagascar zilinikosesha usingizi. Ila beki wa kushoto hazaliwi Kasarani.

Naomba basi, kabla makadirio hayajapita Bunge la Kaunti, mtuletee vitu vinavyoonekana kwa macho: ratiba ya wiki nzima iliyoandikwa majina ya timu, ya wasichana ikiwa na siku zake kwenye jua, mstari wa tokeni katika matumizi ya kawaida, mkataba uliotiwa sahihi, na mchoro wa vyoo vyenye milango miwili. Fedha zikipungua, punguzeni mlingoti, anzeni na miwili upande mmoja tuwashe nusu ya uwanja. Msipunguze ratiba. Na mkiona hamwezi kuweka mstari wa tokeni mwaka huu, basi afadhali mjenge vyoo peke yake na milingoti ingoje. Nitawakera vijana kwa kusema hivyo, na watanikata bei ya viazi, lakini kunguru tunao wa kutosha.

Mkataba ukishatiwa sahihi nitaomba nakala. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inawapa siku 21 za kunijibu, na daftari langu bado lina kurasa. Kikao kijacho nitakuja mapema nikae mstari wa mbele, mbali na kile kipaza sauti, maana nimegundua sauti yangu inafika bila hicho. Mwanangu ameniomba niwaulize jambo moja kwa niaba yake: Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja kamili, uwanja mzima, je, mnaweza kuziandika siku hizo kwa wino?

Wenu,
Mama wa langoni, mweka hazina wa timu ya wasichana